Msamaria Asiporudi



Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10, kuna mtu ambaye mahubiri mengi humpita haraka. Kuhani tunamjua, Mlawi tunamjua, aliyepigwa na wanyang'anyi tunamhurumia, na Msamaria mwenyewe tumempa sifa mpaka hospitali zinaitwa kwa jina lake. Mwenye nyumba ya wageni hatumtaji, na yeye ndiye aliyebaki na majeruhi. Msamaria alikesha pale usiku mmoja, asubuhi akatoa dinari mbili, akaagiza mtu yule atunzwe, akaahidi kwamba kitakachotumika zaidi atakilipa atakapopita tena. Kisha akaenda zake. Mfano unaishia hapo, na kama alirudi hatuambiwi.

Tunaanza na mtu huyu kwa sababu yeye ndiye anayefanana zaidi na mashirika ya huduma kuliko Msamaria. Msamaria ni mfadhili: ana moyo, ana fedha, ana safari. Shirika ni yule anayepokea mgonjwa mlangoni akiwa na dinari mbili mkononi na ahadi ya kulipwa baadaye. Mkutano mkuu wa usharika wetu unakaribia, na katika ajenda kuna pendekezo la kuanzisha shirika letu wenyewe, lililosajiliwa, lenye akaunti yake na bodi yake, ili tuweze kuomba ruzuku na kuwahudumia wageni wanaofika mji huu kutoka kwetu. Sisi wa Kamati ya Diakonia tunaliunga mkono pendekezo hilo. Lakini kabla ya kunyoosha mikono, tunaomba tulifikirie pamoja swali ambalo katiba za mashirika huwa haziligusi. Ahadi iliyotolewa kwa fedha ya mtu mwingine, fedha hiyo ikikatika, inabaki deni la nani?

Si swali la kubuni. Wengi wanaosoma ukurasa huu waliliona kwa macho mwaka 2025.

Kwa wasioufahamu mpango wenyewe, tueleze kidogo. Baada ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, serikali ya Marekani haikuwa ikiwapokea wakimbizi kwa mikono yake yenyewe. Ilikuwa ikiingia mkataba na mashirika ya kitaifa, ambayo kufikia mwanzo wa 2025 yalikuwa kumi, na zaidi ya nusu yao yalizaliwa na watu wa dini: Walutheri, Wakatoliki, Waepiskopali, Waevanjeliko, Wayahudi. Shirika la kitaifa lilifanya kazi na ofisi ndogo mijini. Familia ikipangiwa mji fulani, ofisi ile ilitafuta nyumba, iliweka vitanda na chakula jikoni, ilikwenda uwanja wa ndege, iliwaandikisha watoto shuleni, iliwapeleka wazazi kuchukua kadi ya Social Security na kupimwa afya. Kazi hiyo ilikuwa na muda wake, siku 90 kwa sehemu ile ya kwanza. Fedha zilitolewa kwa hesabu ya vichwa vilivyofika, na mara nyingi ofisi ilitumia kwanza, halafu ilidai kurudishiwa. Yaani ilikuwa yale yale ya nyumba ya wageni: tunza, nitakulipa nikipita tena.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Siku nne baadaye mashirika yakapata barua nyingine, ya kuyataka yasimamishe kazi ile inayolipwa na serikali, na kazi hiyo ni pamoja na kuwahudumia watu waliokwisha kufika. Baraza la Maaskofu Wakatoliki lilipokwenda mahakamani mwezi wa Februari, lilieleza kwamba lilikuwa na wakimbizi zaidi ya 6,700 ambao siku zao 90 zilikuwa hazijaisha, na kwamba halijalipwa hata kwa kazi iliyofanyika kabla ya barua ile. Huko Seattle, wakimbizi kadhaa pamoja na mashirika ya HIAS, Church World Service na Lutheran Community Services Northwest walifungua kesi yao. Tarehe 25 Februari Jaji Jamal Whitehead akazuia amri ile kwa muda. Siku iliyofuata serikali ikayaandikia mashirika kwamba sasa mikataba yenyewe imevunjwa.

Msamaria hakurudi, na alituma barua kusema hatarudi.

Hapa tunaomba tusiteleze kwenda kwenye siasa. Katika usharika wetu wapo waliompigia kura rais huyu na wapo ambao hawakumpigia, na wote wanakula meza moja ya Bwana. Kama serikali ilikuwa na haki ya kufanya hivyo ni swali la mahakama na la wapiga kura. Swali letu ni la chini zaidi, la pale mlangoni. Kuna familia imelala kwenye nyumba iliyopangishwa na ofisi, kodi imelipwa ya mwezi mmoja, baba hajapata kazi, mama ana ujauzito wa miezi saba, na yule aliyewapokea uwanja wa ndege ameambiwa asifanye kazi. Nani ana deni kwa familia ile?

Tumesikia majibu mawili katika mazungumzo yetu, na kila moja lina ukweli wake.

La kwanza linasema deni ni la aliyetoa fedha. Ofisi ilikuwa mkono tu. Mkono haudaiwi, anayedaiwa ni mwenye mkono. Mtu mmoja wa kamati yetu, anayeijua vizuri hesabu ya fedha, alilisema wazi: ukimlazimisha karani alipe deni la tajiri, kesho hutapata karani. Ni kweli. Ofisi nyingi zilipunguza wafanyakazi katika wiki chache tu, nyingine zikafunga milango, si kwa kukosa huruma bali kwa sababu mishahara haiwezi kulipwa kwa huruma.

La pili linasema ahadi ni deni, na deni linamfuata aliyetamka. Familia iliyotoka Nyarugusu au Kakuma haiijui Wizara ya Mambo ya Nje ya Washington. Inamjua kesiwaka wake, kama tunavyowaita, yule aliyesimama uwanjani na karatasi yenye majina yao na kusema kwa Kiswahili, karibuni, msiogope, tuko pamoja. Maneno yale "tuko pamoja" hayakuwa na maandishi madogo chini yake yasemayo mpaka bajeti itakapobadilika. Kama mtu amekuamini wewe, wewe ndiye uliyeahidi.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tuna jibu la tatu, tulilofundishwa kabla hata ya kujifunza kuchoma sindano, nalo ndilo tunalotaka kulileta mbele ya mkutano. Muuguzi akifika zamu anapewa orodha ya wagonjwa wake na ripoti ya kila mmoja. Kabla ya kupokea ripoti ile, ana ruhusa ya kusema: hawa ni wengi mno, au huyu anahitaji ujuzi nisio nao, siwezi kumchukua kwa usalama. Atakwaruzana na msimamizi, lakini ana ruhusa. Akishapokea, mambo yanabadilika. Hawezi tena kuondoka mpaka amemkabidhi mgonjwa kwa mwenzake, uso kwa uso, kwa jina, na kueleza hali yake. Akiondoka tu, hiyo inaitwa kumtelekeza mgonjwa, na bodi ya uuguzi ya jimbo inaweza kumnyang'anya leseni. Hata kama hospitali haijamlipa. Mshahara ataudai mahakamani, mgonjwa hahusiki.

Lakini tazameni upande wa pili wa kanuni hiyo, maana watu wa kanisa hupenda kuusahau. Zamu ina mwisho. Kanuni haimtaki muuguzi akae kitandani pa mgonjwa mpaka siku ya kiyama. Inamtaka akabidhi. Wajibu wake haupimwi kwa fedha aliyopewa, na wala si wajibu usio na mpaka. Una umbo: kupokea kwa hiari, kutunza, kukabidhi.

Tukiitumia kanuni hii, mambo yaliyotokea mwaka jana yanaonekana kwa sura nyingine. Tarehe 7 Aprili 2025 maaskofu Wakatoliki walitangaza kwamba hawatafanya upya mikataba yao na serikali katika kazi ya wakimbizi, baada ya miongo kadhaa. Wengi waliwalaumu. Sisi tunaona kwamba kukataa mkataba mpya si sawa na kumtelekeza mtu. Ni kusema kabla ya ripoti: zamu hii hatuwezi kuipokea. Lawama ya haki ingekuja tu kama wale ambao tayari walikuwa mikononi mwao wangeachwa bila mtu wa kuwapokea.

Mgumu zaidi ni mfano wa Waepiskopali. Mwezi wa Mei serikali, ambayo ilikuwa imefunga mlango kwa karibu wote, iliufungua kwa Waafrika Kusini weupe, Makaburu, na ikaitaka ofisi ya Waepiskopali isaidie kuwapokea. Askofu wao mkuu, Sean Rowe, akaandika kwamba hawatafanya hivyo. Akataja msimamo wa kanisa lake juu ya haki kati ya watu wa rangi mbalimbali, na uhusiano wao na Kanisa la Kianglikana la Kusini mwa Afrika, ambalo ndilo kanisa la Desmond Tutu. Akatangaza kwamba watamaliza mkataba ufikapo mwisho wa mwaka wa bajeti ya serikali. Kazi hiyo walikuwa wameifanya kwa karibu miaka arobaini, wamepokea watu wapatao 110,000. Wakati huo huo Church World Service, shirika la makanisa pia, walilalamika hadharani kwamba Makaburu wanapitishwa haraka huku wengine wakizuiwa, na hata hivyo wakasema watamhudumia kila mkimbizi anayestahili, hao wakiwemo.

Makanisa mawili, dhamiri mbili. Katika kamati yetu tulibishana juu ya hili jioni nzima, chai ikapoa. Wengine walisema Waepiskopali walifanya sawa kabisa: ukikubali kuwa mkono wa mtu anayechagua wagonjwa kwa rangi, unakuwa sehemu ya uchaguzi huo. Wengine wakauliza, na ni swali la kweli: mgonjwa wa Kikaburu akiletwa wodini kwako saa nane za usiku, utamwuliza alipataje kitanda? Hatuulizi. Kwa muuguzi hilo halina mjadala. Mtoto wa miaka minne aliyeshuka ndege hakuandika sera.

Msimamo wetu, baada ya chai kupoa, ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa na haki, kwa sababu walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti. Aliyeko mlangoni mwako humkatai kwa ajili ya dhambi ya aliyemtuma. Lakini kukubali kuwa ndiye mwenye nyumba ya wageni wa mfadhili fulani, kwa masharti yake, ni jambo unaloweza kulikataa, mradi ulikatae mapema na uwakabidhi waliokwisha kuingia. Waepiskopali walitoa taarifa ya miezi kadhaa. Hilo kwetu ni jambo kubwa kuliko maneno ya barua yenyewe.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu maaskofu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee wetu. Mashirika haya yalijengwa juu ya mfadhili mmoja anayelipa kwa kichwa. Fikirini maana yake. Katika mwaka wa bajeti 2021 waliingia nchini wakimbizi wapatao 11,400 tu. Mwaka 2024 waliingia zaidi ya 100,000, na taifa lililoongoza lilikuwa letu la Kongo, watu karibu 20,000. Kwa mwaka 2026 serikali iliweka kikomo cha 7,500, nafasi nyingi zikiwa za Makaburu. Ni mkurugenzi gani anaweza kuendesha ofisi kwa namba kama hizo? Anaajiri, anafundisha, anafukuza, anaajiri tena. Kwa kawaida wanaofukuzwa kwanza ndio waliojua lugha.

Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana hili halisemwi. Barua za kusimamisha kazi zilipokuja, kesiwaka wengi waliopoteza ajira walikuwa ndugu zetu, watu waliofika kama wakimbizi miaka michache iliyopita, sasa wanatafsiri, wanaendesha magari, wanajua ni daktari gani anapokea bima gani. Walirudisha kompyuta na kitambulisho. Simu zao hawakuzirudisha, kwa sababu zilikuwa zao. Na simu zikaendelea kulia. Mtoto ana homa. Mwenye nyumba ameleta karatasi ya mahakama. Barua imekuja kwa Kiingereza. Nao wakapokea. Wengine wamepokea simu hizo kwa miezi, bila mshahara, huku wakitafuta kazi za usiku kwenye maghala, na kanisani tukawasifu kwa kusema huyo ana moyo.

Ana moyo, ndiyo. Lakini tuangalie kilichotokea kwenye hesabu. Tajiri alivunja ahadi, shirika likashindwa kuibeba, na deni lote likashuka mpaka kwa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote, mara nyingi mwanamke, aliyelilipa kwa usingizi wake. Wodini tunajua jambo hili. Wauguzi wakipungua, kazi haipungui. Anayebaki anaongezewa zamu, na anaambiwa wito wake ni mkubwa. Siku moja hafiki kazini kabisa. Neno "kazi ya Mungu" linaweza kuwa njia ya kumfanya mtu afanye kazi ambayo hakuna mwenye nia ya kuilipa. Shirika letu likianza, tusilitumie neno hilo hivyo. Wale ndugu wanaopokea simu walikuwa na haki ya kukabidhi zamu, na hapakuwa na mtu wa kumkabidhi. Huyo mtu ndiye tunayetaka usharika uwe.

Tunaweza? Tuseme ukweli juu ya uwezo wetu. Watu hudhani fedha ya serikali ikikauka, watu wema watajaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana wamefuatilia utoaji wa familia za Marekani kwa miaka mingi. Mwaka 2000 karibu familia mbili kati ya tatu zilitoa kitu kwa mashirika ya hisani. Kufikia 2018 zilikuwa chini ya nusu. Wanaotoa ni wachache kuliko zamani, na mashirika yanazidi kutegemea matajiri wachache, ambao nao wana safari zao kama Msamaria. Wakati huo huo wale wale mia tunaowaita kwenye harambee ndio wanaotuma ada za shule Bukavu na Kigoma, ndio wanaochanga kusafirisha maiti. Tangu mwaka jana wanachanga pia kwa ajili ya zahanati za nyumbani na mgao wa chakula kambini, kwa sababu misaada ya Marekani ilikatwa kule pia; shirika la USAID lenyewe lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Mfuko ni ule ule mmoja. Kutoa ni moyo, sawa, lakini mshahara wa kiwanda cha nyama una mwisho.

Kwa hiyo wapo wanaosema, tena kwa busara, kwamba tusiahidi chochote ambacho hatuna fedha yake benki. Tumelifikiria. Mwenye nyumba ya wageni mwenye kanuni hiyo angedai gharama yote mapema, na majeruhi angerudishwa barabarani. Hakuna huduma duniani inayoanza na fedha kamili. Kosa si kupokea mtu kwa dinari mbili. Kosa ni kumpokea kwa dinari mbili bila kuwa umefikiria siku ya tatu utafanya nini. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shirika likimpokea mgeni linapaswa kujua siku ya kwanza kwamba jembe hilo litatoka wapi.

Na linapaswa kumwambia. Wapo wanaoogopa kwamba ukimweleza mgeni kuwa fedha zilizopo ni za miezi mitatu tu, utamtia hofu. Tumeeleza watu habari mbaya kuliko hizo, kando ya vitanda, kwa miaka mingi. Mgonjwa anayeambiwa ukweli mapema anaogopa siku mbili, kisha anaanza kupanga: anampigia kaka yake, anauliza maswali. Anayeambiwa mwishoni hana tena muda wa kupanga chochote. Waliowakosea zaidi wakimbizi mwaka jana, kwa maoni yetu, si wale walioishiwa fedha. Ni zile ofisi, si nyingi, zilizoacha kupokea simu.

Tuna neno pia kwa wale watakaokubali kuingia kwenye bodi. Mtatafutwa kwa sababu mnaheshimiwa, na mtakubali kwa kuona haya kukataa. Kumbukeni kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande mmoja waliposahauliwa katika mgao wa kila siku. Ukisoma majina ya wale saba waliochaguliwa utaona ni majina ya Kiyunani, yaani ya upande ule uliolalamika. Bodi yenye wazee wa kanisa na mtunza hazina peke yao haitasikia nani amesahauliwa. Tunataka ndani yake mtu aliyefika nchini chini ya miaka mitatu iliyopita, hata kama Kiingereza chake ni cha kuombea maji.

Mengine ni ya karatasi, tutayapita haraka ingawa ndiyo yanayoua vyama vyetu. Usharika, kama kanisa, hauwajibiki kupeleka kwa mamlaka ya kodi ile ripoti ya mwaka, fomu 990. Shirika tutakalosajili chini ya kifungu 501(c)(3) litawajibika. Likiwa dogo, lenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, ripoti yake ni ya kujaza kwenye intaneti kwa dakika chache. Lisipoipeleka miaka mitatu mfululizo, hadhi yake inafutwa yenyewe, bila kuulizwa. Vyama vya jamii zetu vilivyokufa hivyo ni vingi, kwa sababu katibu alihamia jimbo lingine na hakukabidhi nywila. Hata hilo ni suala la kukabidhi zamu.

Rasimu ya katiba imekwisha andikwa, na nakala ziko mezani karibu na mlango wa ukumbi. Someni hasa kifungu cha mwisho, kinachohusu kufungwa kwa shirika. Sheria inatudai tukiweke: shirika likifa, mali yake ni lazima iende kwa shirika jingine la hisani au kwa serikali kwa matumizi ya umma, wala wanachama wasigawane. Kifungu kimetaja samani, gari, na salio la benki. Mawakili wanaoandika vifungu hivi wamehakikisha kwamba kila kiti kina pa kwenda. Juu ya familia zitakazokuwa mikononi mwetu siku hiyo, rasimu haisemi neno hata moja, na sheria haitudai tuseme.

Kamati inapendekeza iongezwe sentensi: kwamba bodi haitapiga kura ya kufunga huduma yoyote mpaka imepokea orodha ya kila kaya inayohudumiwa, pamoja na jina la mtu au ofisi iliyokubali kuipokea, na kwamba kila mwaka itatengwa akiba ya kutosha siku 90, isiyoguswa kwa jambo jingine. Mtunza hazina ameshatuambia kwamba siku 90 ni nyingi kwa mfuko wetu, na kwamba yeye angeandika 30. Huenda yuko sahihi. Hilo ndilo tutakalolijadili baada ya ibada ya pili, Jumapili ya mkutano. Atakayekuwa na namba tofauti aje nayo, pamoja na hesabu yake.